Swali la 17: mtoto wa ziwani, kichocho na mwongozo wa kusahihisha

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Ipi kati ya zifuatazo ni dalili ya ugonjwa wa kichocho? A. Kukohoa damu. B. Kukojoa damu. C. Kupata choo chenye damu na kuvimba tumbo. D. Kutetemeka mwili. E. Macho kuwa ya manjano."

Lilikuwa swali la 17 katika mtihani wa ujirani mwema wa Sayansi na Teknolojia, Darasa la Sita, uliotungwa kwa ajili ya shule za kata moja ya ufukweni, upande wa Ilemela, Mwanza. Mwongozo wa kusahihisha ulisema B. Mwanafunzi mmoja wa shule yetu aliandika C, akakosa, na hakukubali kwamba amekosa.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu naamini walimu wengi wa msingi kinawapita mikononi bila kuonekana. Mtoto anakosa, kalamu nyekundu inapita, karatasi inarudishwa, tunaingia mada nyingine. Mimi ni mwalimu wa taaluma, kwa hiyo malalamiko ya alama yanaishia mezani kwangu, na mengi huwa ya kujumlisha vibaya. Hili halikuwa la kujumlisha.

Alikuja wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na karatasi yake ameikunja mara mbili.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu, ingia."

Akaikunjua mezani, akaweka kidole kwenye 17. "Mwalimu, babu yangu anaumwa kichocho. Hakojoi damu. Ni tumbo ndilo limejaa, na mwaka jana alitapika damu tukampeleka hospitali. Wakasema ni kichocho cha siku nyingi, kimeharibu ini."

Nilimwomba aniachie karatasi, nikamwita mwalimu wa somo. Madam ni mwalimu mzuri, tena anayejituma, na alichosema kina uzito wake: "Namwelewa kabisa, mwalimu. Lakini kitabu tunachofundishia kimeweka kukojoa damu. Siku ya mtihani wa taifa hakuna wa kumsikiliza habari za babu yake. Nikimpa vema hapa, si nitakuwa nimemponza kule?" Hilo si jambo la kulipuuza. Mwalimu anapimwa kwa ufaulu, na mtoto wa Darasa la Sita yuko karibu na mtihani utakaoamua aendelee wapi. Hata hivyo tulikubaliana kwamba kabla ya kubishana juu ya alama, tuliangalie kwanza swali lenyewe, kama jibu la mtoto ni kweli au si kweli.

Ni kweli. Kichocho nchini kwetu kinaletwa na minyoo ya aina mbili. Ya kwanza, Schistosoma haematobium, hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai yake yana mwiba nchani, yanapopenya ukuta wa kibofu yanauchana, na mgonjwa anakojoa damu. Ya pili, Schistosoma mansoni, hukaa kwenye mishipa ya utumbo. Mayai yake yana mwiba ubavuni na hutoka na kinyesi, na mgonjwa anaumwa tumbo, anaharisha, anaona damu chooni. Mayai mengi lakini hayatoki. Yanasombwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama huko, na baada ya miaka ini linajaa makovu. Damu inayotoka utumbo ikikosa njia ya kupita kwenye ini, inaelemea mishipa mingine: bandama inavimba, maji yanajaa tumboni, mishipa ya umio inatanuka, na siku ikipasuka mtu anatapika damu. Mtoto wa Darasa la Sita alikuwa ameieleza hali hiyo kwa maneno machache, na kwa usahihi kuliko kitabu.

Liko jambo jingine linalolifanya swali la 17 kuwa tatizo letu hasa. Kila mnyoo una konokono wake, ambamo unakulia kabla ya kumwingia mtu. Mnyoo wa tumbo unategemea konokono wa jamii ya Biomphalaria, ambao makao yao ni Ziwa Victoria lenyewe na vinamasi vya kandokando yake. Mnyoo wa mkojo unategemea konokono wa jamii ya Bulinus, wanaopenda malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Ndiyo maana Kwimba na zile sehemu za Misungwi zilizo mbali na ziwa utasikia habari za watoto kukojoa damu, lakini huku kwenye mialo kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Unguja na Pemba kipo cha mkojo peke yake. Swali lile lile, na mwongozo ule ule, lingekaa vizuri kabisa Pemba. Lingekaa vizuri pia Ngudu. Kwa mtoto anayeamka akiliona ziwa, jibu lililokataliwa ndilo linalofanana na maisha ya nyumbani kwao.

Nilipenda Madam asione kwamba tunamtetea mtoto kwa huruma, kwa hiyo nilimweleza historia ya ubishi huu, ambayo kwangu ni moja ya hadithi nzuri za sayansi ya Afrika. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo hawa mwaka 1851 mjini Kairo, alipokuwa akipasua maiti. Mayai ya aina mbili yalionekana tangu zamani hizo, yenye mwiba nchani na yenye mwiba ubavuni. Je, ni mnyoo mmoja au ni miwili? Wataalamu walibishana kwa miongo. Arthur Looss, naye akifanya kazi Kairo, alishikilia kwamba ni mmoja, na kwamba ugonjwa unatoka kwa mtu mpaka kwa mtu bila kupitia kwa konokono. Patrick Manson alishuku kwamba ni miwili. Ubishi ulikatwa Misri mwaka 1915, Robert Leiper alipoonyesha kwamba kila mnyoo unakulia ndani ya konokono wake. Watu wazima wenye hadubini walihitaji zaidi ya miaka 60 kukubaliana kwamba damu ya kwenye mkojo na damu ya chooni zina visababishi viwili tofauti. Swali letu lilitaka mtoto asahau hilo ndani ya dakika moja.

C ilitoka wapi basi? Mtunzi alikuwa mwalimu wa shule jirani, tulimpigia simu. Alitueleza bila kuficha kwamba alihitaji kipotoshi chenye nguvu, akafikiria kuhara damu kunakoletwa na amiba, akaongeza kuvimba tumbo ili sentensi ijae. Kipotoshi ni jibu lisilo sahihi linaloweza kumvuta asiyejua. Utungaji ulikuwa wa kufuata kanuni, ila kipotoshi kikaangukia kwenye ukweli. Mambo haya hutokea pale mtunzi anapoandika swali usiku akiwa peke yake na kitabu kimoja, na hakuna mwenzake wa kulijaribu kabla halijachapwa.

Watoto tuliowauliza

Hapa ningeweza kumpa mtoto alama yake na kufunga jalada. Ila kuna kitu kilinisumbua. Ikiwa aliyekosa alikuwa anajua, je, waliopata wanajua? Sehemu kubwa ya darasa ilikuwa imeandika B, na katika taarifa ya shule swali hili lingehesabiwa miongoni mwa yaliyofanywa vizuri.

Tukachukua baadhi ya walioandika B na wote walioandika C, tukakaa nao chini ya mwarobaini mmoja mmoja, bila kalamu na bila alama. Tuliwauliza mambo mawili tu: umejuaje, na mtu anakipataje kichocho.

Kwa lile la kwanza, walioandika B karibu wote walisema ipo kwenye daftari. Wengine walitamka sentensi nzima ya daftari, neno kwa neno, mpaka na nukta yake. Kwa lile la pili ndipo mambo yalipoharibika. Mmoja alisema konokono anauma. Mwingine alisema ukikanyaga konokono sumu yake inaingia mguuni. Kuna waliosema ukinywa maji yasiyochemshwa, na hao ndio waliokuwa wengi. Mvulana mmoja alieleza kwa uhakika mkubwa kwamba ukikojoa ukiwa ndani ya ziwa, kichocho kinapanda na mkojo. Wachache sana walisema kwamba kuna kidudu kinatoka kwa konokono, kinaogelea na kupenya ngozi. Tulipowauliza konokono gani, walituonyesha wa kwenye migomba nyuma ya choo cha walimu. Neno "konokono" wanalijua na wanalichagua kila linapoletwa. Konokono wa majini mwenyewe hawajawahi kumwangalia.

Walioandika C nao hawakuwa kitu kimoja. Nusu yao walikuwa wanafikiria kuhara damu, yaani walikuwa wamenasa kwenye mtego ule ule ambao mtunzi aliutega. Wawili walikiri kwamba walipiga ana-ana-ana-doo. Yule binti aliyekuja ofisini na karatasi ndiye peke yake aliyekuwa na sababu.

Naye nilimuuliza swali la pili. Babu alikipataje? "Alikuwa anakunywa maji ya ziwa, mwalimu. Zamani walikuwa hawachemshi." Nikamweleza kwamba kichocho hakihitaji kunywa, ngozi inatosha. Akaniangalia. "Kwa hiyo kuoga tu?" Hata kusimama, nikamwambia, hata kuteka maji, hata kushusha mtumbwi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu alikuwa anashusha mtumbwi kila siku."

Huyu ndiye mtoto aliyejua zaidi katika darasa, na nusu ya anachojua ilikuwa na kosa litakalomgharimu, maana kwao maji ya kunywa siku hizi yanachemshwa na yeye kila mchana yumo ziwani mpaka magotini. Huwezi kuliona hilo kwenye C, wala kwenye B. Herufi moja ilibeba mtoto anayejua, mtoto aliyechanganya magonjwa na mtoto aliyebahatisha. Herufi nyingine ilibeba darasa zima lililokariri. Kwenye swali la machaguo matano, asiyejua chochote ana nafasi 1 kati ya 5 ya kupata. Aliyekariri mstari mmoja anapata kwa hakika. Mtihani uliwapima kwa kumbukumbu, halafu ukaiita sayansi.

Niongeze jambo ambalo halikuwa kwenye swali. Mvulana wa mwisho kumhoji, mtoto wa mvuvi wa dagaa, hakujua njia ya kichocho, lakini alisema bila kuulizwa kwamba ukioga mchana penye majani unawashwa, na asubuhi huwashwi. Kuwashwa kunaweza kuletwa na mambo mengi, ikiwa ni pamoja na lava (minyoo michanga inayoogelea majini) wa minyoo ya ndege ambao hawamdhuru mtu zaidi ya huo muwasho, kwa hiyo sikutaka aondoke akiamini kwamba kila muwasho ni kichocho. Hata hivyo alikuwa amechunguza kitu cha kweli. Lava wa mnyoo wa tumbo hutoka kwa konokono wakati wa mwanga, wengi zaidi kuelekea saa sita mchana, na maeneo yenye majani ndiyo konokono wanayoyapenda. Wakishatoka wanaweza kuishi siku moja hadi mbili hivi, na kupenya ngozi huwachukua dakika chache tu. Mtoto huyu alikuwa ameona, amelinganisha asubuhi na mchana, amelinganisha penye majani na pasipo na majani. Katika mtihani wetu mzima, hapakuwa na swali hata moja ambalo uwezo huo ungemletea alama. Alipata 19 kati ya 50. Inaniuma.

Vidonge

Wakati wa mahojiano lilijitokeza jambo ambalo kwangu ni zito kuliko swali la 17. Shuleni watoto humeza dawa ya kichocho, prazikwanteli. Ukiwa mwalimu wa huku unajua siku hiyo inavyokuwa: watoto wanakula kwanza, wanasimama kwenye kijiti cha kupimia urefu kinachoonyesha kila mmoja ameze vidonge vingapi, wanameza huku wamekunja uso kwa uchungu wa dawa, na mwalimu anasimama pale kuhakikisha hakuna anayeficha kidonge shavuni.

Watoto kadhaa walituambia kwamba wao hawawezi kuugua kwa sababu "tulishameza". Kwao vidonge ni chanjo. Mmoja alisema ndugu yake mkubwa alimwambia akishameza aoge tu bila wasiwasi. Ukweli ni kwamba prazikwanteli inaua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Michanga haiimalizi, na haimkingi mtu na maambukizo mapya kesho yake. Mtoto anaweza kumeza asubuhi na kuambukizwa upya jioni hiyo hiyo.

Mtihani ulikuwa na swali la dawa, la 18. Liliuliza kichocho hutibiwa kwa nini, na "vidonge" ilikuwa mojawapo ya majibu. Darasa zima lilipata. Sijaona mfano ulio wazi kuliko huo wa swali linalopatiwa na kila mtu na lisilomwambia mwalimu lolote. Lingeulizwa hivi: "Mtoto amemeza dawa ya kichocho leo. Je, anaweza kuambukizwa tena wiki ijayo?" lingefichua uelewa potofu ambao uko hai katika nyumba za watu, na Madam angejua afundishe nini Jumatatu.

Kikao cha kata

Kamati ya taaluma ya kata ilipokaa, tulilipeleka swali. Palikuwa na ubishi. Mwalimu mkuu mmoja, mzee wetu mwenye uzoefu, alisema tukianza kubadili mwongozo kwa sababu ya mtoto mmoja, kesho watakuja kumi. Mwingine alitaka swali lifutwe kabisa. Wengine walikuwa wamesharudisha karatasi na hawakutaka usumbufu, na kwa kweli nawaelewa, mwalimu mwenye mikondo miwili ya watoto zaidi ya mia hana jioni ya ziada.

Msimamo wangu ulikuwa kwamba B na C zote zipewe alama. Najua baadhi ya walioandika C walikuwa wanafikiria amiba, na wangepata alama wasiyostahili. Lakini kosa lilikuwa la swali, na swali likikosea, hasara ibebwe na waliolitunga, asibebeshwe mtoto aliyejibu kweli. Kulifuta kungewanyima pia walioandika B, ambao nao jibu lao ni sahihi. Kamati ilikubali mwishoni, kwa shule ambazo hazikuwa zimerudisha karatasi. Zilizorudisha ziliachwa zilivyo. Sikuridhika na hilo, maana mtoto wa shule ya pili barabarani aliyeandika C kwa sababu nzuri hatujui yupo au hayupo.

Kuhusu hofu ya Madam ya mtihani wa taifa, jibu nililompa ni kwamba mtoto akifundishwa aina zote mbili haponzwi popote. Akiulizwa dalili ya kichocho na kwenye machaguo kuna kukojoa damu peke yake, atachagua hiyo. Akikutana na zote mbili, atajua kwamba lazima swali liseme ni kichocho kipi. Baraza la Mitihani lenyewe hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zikieleza kwa kila swali kwa nini waliokosa walivutwa na chaguo fulani. Tabia hiyo ya kuuliza "kwa nini alichagua hili" ikifanywa ngazi ya taifa, hakuna sababu ya shule ya kata kuiacha.

Swali jipya

Madam ndiye aliyeandika swali lililofuata, na ni zuri kuliko ningeandika mimi. Ameweka sehemu mbili, mtoto anachagua jibu kisha anachagua sababu. Mtindo huu si wetu. David Treagust wa Australia aliandika juu yake mwaka 1988 kama njia ya kugundua uelewa potofu katika sayansi, na unafaa sana kwa madarasa makubwa kwa sababu kusahihisha ni kuangalia herufi mbili badala ya moja. Swali linasema:

"Mtoto anaishi karibu na ziwa. Kila mchana anateka maji akiwa amesimama ndani ya ziwa. Nyumbani kwao wanachemsha maji yote ya kunywa. Je, anaweza kupata kichocho? A. Ndiyo. B. Hapana. Sababu ya jibu lako ni ipi? (i) Konokono wanaweza kumng'ata miguu. (ii) Lava wanaweza kupenya ngozi yake. (iii) Maji yakichemshwa vijidudu vyote hufa. (iv) Anaweza kukojoa ndani ya maji."

Kila sababu ilitoka mdomoni mwa mtoto chini ya mwarobaini. Hatukubuni hata moja. Vipotoshi vilivyookotwa kwa watoto vina nguvu ambayo mtunzi aliye peke yake usiku hawezi kuipata, na haviwezi kuangukia kwenye ukweli kwa bahati, kwa sababu anayeviokota ameshasikia mtoto akivitetea na anajua vina kasoro wapi.

Alilitoa darasani kabla ya kufundisha upya. Wengi waliandika Hapana, kwa sababu ya tatu. Ni watoto wale wale waliopata swali la 17. Sababu yenyewe si ya kijinga hata kidogo: mji huu umepigana na kipindupindu, na wito wa kuchemsha maji umeingia nyumba kwa nyumba. Watoto wamechukua ushauri mmoja wa kweli na kuufanya uwe dawa ya kila ugonjwa unaotokana na maji. Hapo Madam akajua somo lake liko wapi. Hakurudia dalili. Alileta makombe makavu, matupu, aliyoyaokota ufukweni akiwa amevaa glavu, akayapanga mezani: Biomphalaria bapa, amejiviringisha kama ngata, hana ncha. Akaweka pembeni picha ya Bulinus aliyesimama na ncha yake. Watoto walizunguka meza ile kipindi kizima, na konokono wa migomba wakaondoka kwenye mazungumzo wenyewe. Aliwakataza wasiende kumtafuta konokono hai kwa mikono mitupu, na kwa maoni yangu katazo hilo lapaswa kuwa sentensi ya kwanza ya kipindi chochote cha namna hii.

Kisha akachora mzunguko ubaoni: yai linatoka na kinyesi, linaanguliwa majini, lava wa kwanza anamtafuta konokono ndani ya saa chache, anazaliana humo kwa wiki kadhaa, lava wengi wanatoka, wanapenya ngozi. Akafuta hatua moja, akauliza: hapa tukikata, nini kitatokea? Vyoo vikitumika, yai halifiki ziwani. Maji yakitunzwa kwenye ndoo safi siku mbili kabla ya kuogea, lava hufa. Msichana wa nyuma akainua mkono. "Madam, kwetu bomba halitoki kila siku. Tuoge wapi?"

Swali hilo limeingia katika mtihani wa majaribio wa muhula huu, kama swali la kujieleza, karibu kwa maneno yake: "Familia haina maji ya bomba na inategemea ziwa. Taja mambo mawili ambayo inaweza kufanya kupunguza hatari ya kichocho, na kwa kila moja eleza linakata mzunguko wapi." Jambo lina alama moja, maelezo yana alama mbili. Mwongozo una majibu tuliyoyategemea, kama kutunza maji siku mbili, kuteka asubuhi mapema badala ya mchana, kutumia choo, kuvaa mabuti anayeshusha mtumbwi. Mwishoni mwa mwongozo kuna mstari ambao kamati ya kata imekubali uwekwe kwenye kila swali la kujieleza: jibu lisilo kwenye orodha lisikatwe mpaka mwanafunzi aulizwe sababu yake, na jina la mwalimu aliyemuuliza liandikwe pembeni.